Nilinyolewa kwa msiba wa Kirewa, na baba yangu alikuwa hai Busia

Ijumaa moja ya Novemba 1966, nikiwa mwalimu mwanafunzi huko Kirewa, Tororo, nilipoteza nywele zangu zote. Mwalimu wangu nilikuwa nimempoteza siku tatu kabla.

Wakuu, nawasalimu. Humu mimi ni wa kusoma kuliko kuandika. Juzi nimetoka matanga huko huko Kirewa, na njiani nikaona nieleze jambo hili kama lilivyokuwa. Pale nisipojua nitasema sijui.

Kwetu ni Wasamia, upande wa Kenya. Baba alishona nguo kwenye baraza ya duka moja Busia, na nyumbani hakukuwa mbali na hapo. Nilimaliza shule ya msingi, nikaingia chuo cha ualimu cha misheni. Misheni ile ilikuwa na shule pande zote mbili za mpaka, ndiyo maana muhula wangu wa mwisho wa mazoezi ya kufundisha nikapelekwa Uganda.

Siku hizo kuvuka hakukuwa na maswali mengi. Ila barua ya chuo ilisema naenda "nchi ya nje", na mama akanifungia sweta mbili kana kwamba naenda Ulaya.

Niliwekwa chini ya Mwalimu Othieno, Mpadhola, mwenye darasa la nne. Nilikaa nyumbani kwake pamoja na mkewe, Mama Nyafwono, na watoto wao wanne. Nyafwono ndiye mkubwa, alikuwa na kama miaka kumi.

Kipadhola sikukijua. Hesabu nilifundisha kwa Kiingereza, na nilipokwama Mwalimu Othieno alitafsiri akiwa amekaa nyuma ya darasa. Kosa langu kubwa lilikuwa kuwahi kutoa jibu. Mtoto hajafika mwisho wa hesabu, mimi nimeshaandika ubaoni.

"Waache wakosee kwanza, Nafula," aliniambia. "Ukiwahi hivyo, unajifundisha mwenyewe."

Jumapili alishikwa na homa. Jumanne akafariki. Jumatano tukamzika nyuma ya nyumba yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya kunyoa. Watoto wa nyumba ile waliketishwa kwenye mkeka, na shangazi yao, dada wa marehemu, mama mmoja mwenye mdomo mkali, akawa anapita na wembe kichwa kwa kichwa. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika karai la maji.

Akanitazama. "Mwalimu, wewe nasimama huko nini? Wewe nakula hapa, nalala hapa. Wewe mtoto ya hapa. Kuja."

Wakuu, hakuna aliyenivuta. Nilikaa mwenyewe. Ningependa kusema nilikaa kwa mapenzi tu, lakini si kweli. Mapenzi yalikuwepo, nilikuwa nimemlilia mtu yule mpaka sauti ikapotea. Ila pia niliona haya kuwa kichwa pekee chenye nywele pale uani.

Wiki iliyofuata mkaguzi kutoka chuoni alikuja. Alinitazama kichwa, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu Othieno kule nyuma. Nilifaulu. Wiki moja baadaye muhula ukaisha, wanafunzi wakanijazia mfuko wa karanga, nikarudi nyumbani.

Nilisafiri na kitambaa kichwani kwa sababu ya vumbi. Nilipofika mlango wa ua nikamwona mama anapepeta wimbi. Nikakivua nijifute uso.

Mama akaweka ungo chini. "Umemzika nani?"

"Mwalimu wangu."

"Ni ndugu yetu?"

"Hapana, mama. Mpadhola wa Kirewa."

Akaja akasimama katikati ya njia, mikono ameitanua. "Rudi nyuma. Usikanyage ua wa baba yako."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kufundishwa, kwa sababu nyumbani kwetu halijawahi kutokea. Katika nyumba yetu, mtu hunyolewa kwa msiba wa damu yake tu. Binti akinyolewa kwa mtu mwingine baba yake akiwa hai, basi amemnyolea baba yake mapema. Akiingia uani na kichwa kile, au baba akikiona, ni kama kaleta matanga na mwenye matanga bado anakula ugali.

Wasamia wengine sijui wanasemaje. Kwetu ilikuwa hivyo. Baba alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini jambo hili hakuwa na mzaha nalo.

Nikamuuliza mama, "Zimeshaanza kuota. Hizi nazo zinahesabiwaje?"

"Usiniletee maswali ya chuo," akasema. Alikuwa analia.

Nikapelekwa kwa Shangazi Nabwire, dada yake baba, aliyeishi ng'ambo ya barabara, mkabala na lile duka alikoshonea baba. Aliponiona alicheka.

"Kichwa kama chungu kimetoka motoni. Ingia tu, mimi si baba yako."

Ng'ambo ile nilimwona baba kila siku. Yeye aligeuza cherehani ikatazama ukuta, asije akaniona kwa bahati mbaya. Mimi nilitazama mgongo wake. Niliogopa kitu kimoja: akiumwa, hata mafua, itasemwa ni mimi, na pengine itakuwa kweli. Kama sitaingia kwetu mpaka zote ziote, hiyo ni miezi, na kila siku ya miezi hiyo angekuwa hatarini kwa kosa langu.

Siku ya tatu shangazi akarudi kutoka dukani na swali.

"Kaka anauliza, huyo mtu alikuwa wa ukoo gani?"

Nikamjibu kadiri nilivyojua. Kesho yake likaja jingine.

"Anauliza alikuwa anakulisha nini."

"Walichokula watoto wake."

"Anauliza kama alikuwa anachapa."

"Hakuchapa. Alikohoa tu."

"Alikohoa?"

"Darasa likipiga kelele alikohoa, likanyamaza."

Shangazi alipeleka jibu hilo, na nikaona mabega ya baba yakitikisika. Sijui kama alicheka. Nilimwona kwa nyuma tu.

Nilishangaa, wakuu. Mtu aliyeogopa kunitazama alitaka kumjua yule marehemu kuliko alivyowahi kutaka kumjua mtu yeyote. Swali la mwisho lilikuwa hili:

"Anauliza, ulipoona wembe kwa nini hukukimbia?"

Nikasema, "Mwambie kila mtoto wa nyumba ile alikuwa ameketi."

Siku mbili hakuuliza kitu. Siku ya tatu alifunika cherehani mchana kweupe, akavuka barabara, akasimama nje ya mlango na kunipa kisogo, akaongea na dada yake.

"Mwambie ajitayarishe. Kama alinyolewa na watoto wa mtu yule, basi yule ni ndugu yangu. Na mimi ndugu yangu sijamlilia."

"Ndugu yako tangu lini?" shangazi akamuuliza.

"Tangu Ijumaa ile."

Sikujua kama mila inaruhusu hivyo, na mpaka leo sijui. Nimewauliza wazee kadhaa, kila mmoja akanipa jibu lake. Mmoja alisema baba alijitungia. Inawezekana. Kama kuna Msamia, Mpadhola au Mteso humu anayejua, anieleze bila kunionea haya, nami nitasoma yote. Nilichojifunza ni kidogo: ukikaa kwenye mkeka wa watu, umewakalisha na wa kwenu, hata kama hawajui. Sijui kama ningekaa tena. Nadhani ningekaa.

Sasa nimalizie.

Mimi na baba tulipanda basi mpaka Tororo, kisha lori la pamba, kisha miguu. Njia nzima baba alikuwa mbele, asinitazame. Tulipouona ule mgomba wa mwanzo wa nyumba ya Mwalimu Othieno, nikasema ni hapa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa mfuko wake. Kisha baba yangu, mtu wa maneno machache, akaingia mbio akilia kwa Kisamia, "Ndugu yangu, umeniachaje, ndugu yangu," kama anavyoingia mtu aliyechelewa mazishi.

Mama Nyafwono alikuwa anaanika muhogo. Akasimama. "Nani huyu?"

"Baba yangu."

"Nalilia nani?"

"Mume wako. Anasema ni ndugu yake."

Akaweka mikono kichwani, akaanza kulia pamoja naye, na watoto wakatoka wakalia pia.

Walipotulia, yule shangazi wa wembe akamsogezea baba kigoda na maji. "Ndugu yake huyu nachelewa sana," akasema.

"Sikuambiwa," baba akajibu.

Alipelekwa kaburini, akasimama pale. Aliporudi akawatazama wale watoto wanne, nguo zao, mmoja mmoja. Akatoa futi ya kupimia mfukoni.

"Kwetu, watoto wa ndugu hawakai na nguo za matanga mpaka zichanike," akasema. Akamwita Nyafwono, akampima mabega.

Kisha akageuka akanitazama, usoni, mara ya kwanza tangu nirudi. "Nafula," akasema, "andika."

Nikatoa daftari langu la maandalio ya somo, nikaandika: Nyafwono, mabega inchi kumi na mbili.