Viatu Kwenye Jiwe la Mlangoni

Ijumaa ya mwisho ya Shaaban nilimpoteza mume wangu, Selemani. Sisemi alikufa. Sikumwona akifa.

Asubuhi ile tulikwenda kuzuru magofu, kama kila mwaka kabla ya mfungo: mimi, yeye na mama yake, Bi Somoe. Ni msikiti mdogo wa kale, juu ya kilima karibu na mdomo wa Ruvuma. Paa hakuna. Zimebaki kuta za matumbawe, kibla chenye ufa, na makaburi ambayo hakuna anayejua ya nani. Kwetu haingii mtu pale na viatu. Tulivivua kwenye jiwe la mlangoni.

"Miiba yote hii, mama," Selemani alilalamika.

"Vua hayo makatambuga yako ya tairi. Wazee wamelala, wasije wakadhani lori limeingia."

Tulicheka. Tukafagia, tukachoma ubani.

Milio ya bunduki kutoka ng'ambo, Msumbiji, tulikwisha kuizoea. Ile ya asubuhi hiyo ilitoka upande wetu. Moshi ukapanda kijijini.

Tulilala chini nyuma ya ukuta wa kibla.

Sauti za wanaume zikaja kwenye njia ya kilima.

"Viatu," Selemani alinong'ona. "Jozi tatu."

"Acha, mwanangu." Mama yake alimshika shati.

Alijichopoa, akatambaa hadi mlangoni. Akaturushia ndala zangu, kisha za mama. Zake alizivaa. Akasimama nje, mikono juu.

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kuzuru."

"Unazuru mawe, kafiri wewe?" Mmoja alicheka. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, na Kimakonde ndani yake. "Haya, tembea."

Katambuga zilishuka kilima, zikipiga chini, hadi nikawa sizisikii tena. Bi Somoe alikuwa amejiziba mdomo kwa ndala yake.

Sasa tumepanga chumba mjini, mtaa wa Rahaleo. Bombani wanawake husema nikiwasikia: "Wenzake kijijini waliuawa, yeye kaondoka na viatu vyake. Huyo aliwafuata." Najitwisha ndoo yangu. Nilichokiona kupitia ufa wa kibla ni mgongo wake tu. Eda sijakaa, kwa sababu shehe anasema hakuna aliyeshuhudia kifo. Kwa hiyo si mjane, na mume sina.

Shaaban iliyopita tuliruhusiwa kwenda kuzuru tena. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alishika kitambulisho changu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Walimchukua."

"Au aliwafuata?"

"Mimi ndiye niliyemzaa," Bi Somoe alimwambia. "Wewe ulimjulia wapi?"

Askari alinirudishia kitambulisho.

Magofuni majani yalikuwa yamefika kiunoni. Kwenye jiwe la mlangoni Bi Somoe alivua ndala zake. Akaziweka, akazitazama. Kisha akainama, akaziokota, akaingia nazo mkononi.

Nami nikazishika zangu.