Mkunjo wa Tatu

Mama yangu amesugua shaba miaka ishirini na tisa. Sanamu hutoka kwenye kalibu vipande vipande, mafundi wanazichomelea, kisha yeye anashika tupa na kufuta mishono mpaka mtu aape zilizaliwa nzima. Zote zilikuwa za wanaume: wenye majoho, waliopanda farasi. Kiwandani wanamwita Bi Tupa. Jioni nilimkanda bega, naye akilalamika kama mlango mbovu.

Mwaka huu, bega likiwa limekwisha kabisa, ikaja kazi ya mwanamke mweusi, urefu wa ghorofa mbili, nywele za kusuka, paji pana kama la vinyago vya kale.

"Huyu nammaliza, ndipo nipumzike," alisema.

Nilimsihi apumzike sasa hivi. Nilikuwa nasema na ukuta.

Alipofika shingoni aliona mistari mitatu. Miwili aliijua kuwa ni mikunjo ya ngozi. Wa tatu, macho yamechoka, akadhani ni mshono. Akausugua hadi ukapotea. Mgeni wa kazi asingekosea hivyo. Angeuacha kwa uvivu.

Mchongaji wa sanamu hiyo, mama wa makamo, alipokuja alipitisha kidole pale, akautafuta mkunjo wa tatu. Ilikuwa shingo ya marehemu mama yake.

"Nimeufuta mimi," Mama alimwambia. "Nifukuzeni tu, mwanangu."

Msimamizi wa kiwanda akadakia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Bi Tupa."

"Koleo lenyewe ni mimi."

Mchongaji hakucheka. "Sanamu ya udongo nilishaivunja, na picha ya mama sina. Hebu inua kidevu, mama." Akamtazama shingoni. "Unao mkunjo kama ule. Chonga wako."

Mafundi wakajaza shaba pale. Mama akachonga siku mbili kwa tindo, kioo cha mkononi kimeegemezwa kwenye ndoo, shingo imepinda. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nazo.

Siku ya kusimamisha sanamu watu waliinua simu, wote wakiupiga picha uso. Mama hakuweza kuinua kichwa. Shingo ilikuwa imekaza tangu juzi, macho yake yaliishia kwenye vidole vya miguu vya yule mwanamke. Akanishika mkono.

"Niambie kweli. Nimeupatia?"

Nikatazama juu, kisha nikatazama shingo yake.

"Umeupatia, Mama. Sasa twende ukalale."