Mlango wa Mama, Lionja

Mimi ni fundi wa kamera na kufuli za kisasa mjini Ruangwa, na subira ya kueleza sina. Mteja akiniuliza mara mbili taa inawashwaje kwa simu, nasonya. Mama alizijua hasira zangu, ndiyo maana hakuniuliza mara ya pili.

Alikuwa akiishi peke yake Lionja, ana presha, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: kila asubuhi nijue ameamka salama. Nikaenda kumfungia vifaa. Kwenye mlango wa mbele nikabandika kidude chenye betri ndogo ya duara, na sumaku kwenye fremu. Mlango ukiachana na sumaku, kidude kinarusha mawimbi, lakini dhaifu, hata chumbani kwake hayafiki vizuri. Kwa hiyo katikati ya nyumba nikaweka soketi ya kuyapokea na kuyasukuma mbele, mpaka kwenye kisanduku chenye laini ya simu. Kisanduku ndicho kinachoingia mtandaoni, na huku Ruangwa simu yangu inalia: mlango umefunguliwa. Waya hata mmoja hakuna.

Mama akauliza vinafanya nini. Nilikuwa nakimbilia kazi nyingine, nikamjibu juu juu.

"Vinaongea, mama. Hiki kinakiambia kile, na kile kinaniambia mimi."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyumbani kwetu ni Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kwake yeye kuongea ilikuwa kazi ya watu.

Basi nikaacha kumpigia. Sijitetei. Zamani nilimpigia kila alfajiri, tunajuliana hali mpaka tunafika kwenye habari za kuku. Sasa simu ikilia naitupia jicho, narudi kwenye chai yangu. Mama kaamka. Naye hakulalamika hata siku moja, nikasema kumbe wazee nao wanazoea.

Msimu wa korosho uliopita simu ililia siku tatu mfululizo, asubuhi na mapema kama kawaida. Siku ya nne ikasema mlango umefunguliwa, na mpaka saa nne haikusema umefungwa. Nikasonya. Nikajua sumaku imebanduka, nitakwenda Jumapili. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga kamera ya mtu nilipopigiwa simu kutoka Lionja. Mama amefariki. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu nyumba imejaa watu.

Nilichowahi ni kuzika tu, basi. Kutoka Ruangwa kwa pikipiki ningefika siku yoyote katika zile tatu, na hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Baada ya mazishi jirani yake, mama mtu mzima aliyechezwa naye unyago, alinikalisha mkekani akanisimulia. Mama alilala siku tatu, kichwa kinamgonga, kusimama hawezi. Aliyekuwa akifungua mlango kila asubuhi ni yeye jirani, anamletea uji. Alitaka kunipigia, mama akamkataza, akasema mwanangu ana kazi nyingi na mimi nimeshamwambia. Ndipo nikajua kwamba tangu siku ile niliyobandika kile kidude, mama alikuwa akisimama mbele yake kila asubuhi, ananisalimia kwa Kimwera, ananieleza alivyolala na alivyoota. Alipozidiwa aliomba asogezwe na mkeka wake mpaka mlangoni. Pale akaniita kwa jina langu la utotoni, akaniambia nije.

Kile kidude hakina sikio. Kinajua mambo mawili tu, kufunguka na kufungwa. Nilitaka kumwambia hivyo yule mama, maneno yalishafika mdomoni. Nikamtazama usoni. Nikisema, atajua kwamba rafiki yake aliuita ubao wa mlango siku tatu, na yeye amekaa pembeni na simu yake kwenye pindo la khanga. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauzuia mdomo.

"Ulisikia, baba?" akaniuliza.

"Nilisikia."

Akauweka ushungi wake sawa. Machozi yalikuwa yakimtoka taratibu, wala hakuyafuta.

"Sasa mbona hukuja?"