Fundi wa Majiko Asiyekula Kilichopikwa

Saa moja kasorobo asubuhi. Maharage yanachemka juu ya jiko jipya nje ya karakana, mfuniko unachezacheza, na mwanamke aliyelitengeneza jiko hilo ameketi kwenye kigoda kando yake, anatafuna karoti mbichi.

Mkono wa kulia una nyundo, wa kushoto una karoti. Kila akigonga ribiti mbili tatu, misumari butu ya kuungia bati, anang'ata kipande, anatafuna polepole kama mtu anayehesabu meno yake, kisha anarudi kugonga.

Mteja wa kwanza anafika, mama wa makamo mwenye kikapu cha sokoni. Analizunguka jiko, anachungulia mlango wa majivu, kisha anauliza swali moja tu.

"Limeliwa?"

"Subiri kidogo, mama. Linaliwa sasa hivi."

Fundi anafunua sufuria, anachota punje moja ya harage kwa ncha ya kijiko, anaipuliza, anaibana kwa meno ya mbele. Anafumba macho. Anaitikia kwa kichwa. Maharage yaliyobaki anammiminia mumewe, ambaye amekwisha kaa na sahani mkononi.

"Limeliwa," anasema, na kwa msumari anatoboa vitone vitatu kwenye ukingo wa bati. Hiyo ndiyo alama yake. Hapo ndipo mteja anapofungua pochi.

Mtaa mzima unamwita Mama Limeliwa. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na minne kati ya hiyo ameimalizia kwenye bati na nyundo. Kazi alifundishwa na baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, na mzee huyo alikuwa na sharti moja: jiko haliuzwi mpaka kilichopikwa juu yake kiliwe. Vipande kumi na viwili vya mkaa, sufuria moja ya maharage. Mkaa ukiisha na maharage hayajaiva, jiko linavunjwa.

"Mzee alikuwa hataki mchezo," anasema. "Aliniambia, mwanangu, unamuuzia mtu moto wa kupeleka ndani, waliko watoto wake. Basi kula kwanza wewe."

Naye alikula. Majiko mawili kwa siku, siku sita kwa wiki, sahani moja kwa kila jiko, na nyumbani chakula cha jioni kilikuwa kinamsubiri vilevile. Kumwaga chakula hakuweza, roho ilimuuma.

"Wengine wanalewa kazini. Mimi nilikuwa nashiba kazini," anasema, na bega lake linatikisika kwa kicheko.

Alipofika miaka arobaini na tisa alikuwa na kilo mia moja na nne. Magoti yakaanza kulalamika kila alipoinuka kwenye kigoda. Presha ikapanda, akaanza vidonge. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomuumiza ni pipa.

Shule moja jirani ilitaka jiko kubwa la kupikia wanafunzi mia tatu. Jiko la namna hiyo huundwa ndani ya pipa la chuma. Juu hufungwa kwanza ukingo mzito ambao sufuria itaukalia, maana ndio unaolishika umbo. Halafu fundi huingia ndani kupitia ukingo huo, hukunja magoti, na hushikilia kipande cha reli nyuma ya kila ribiti huku mwenzake akigonga kutoka nje. Anayekaa ndani ndiye fundi. Ndiye anayesikia kwa sikio na kwa kiganja kama ribiti imekaa au imedanganya.

Aliingiza miguu. Nyonga zikagoma. Alipojaribu kutoka, zikagoma pia.

"Nilikwama kama kizibo," anasema. "Mume wangu anavuta mkono huu, jirani anavuta ule, na watu wamejaa barabarani wanavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Nilipofika ndani ya nyumba nikalia."

Kazi ile ilikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kwa miaka miwili iliyofuata, kila alipopita karibu na shule saa ya chakula na kuona moshi wa jiko la mtu mwingine, alitazama upande wa pili. Lile jiko la mwenzake halikudumu. Lilipasuka kwenye ribiti, na shule ikarudi kupikia kwenye mawe. Halikumfurahisha hilo. "Ningelitengeneza mimi lingekuwa zima," anasema tu, bila majivuno.

Miezi kumi na mmoja iliyopita, wifi yake, dada wa mumewe, alimjia na habari ya kula vyakula vibichi. Wifi huyo anauza matunda na mboga meza ya tatu kutoka karakana, na ni mwembamba kama ufito.

"Wifi, acha moto," alimwambia. "Kula kitu kama kilivyotoka shambani."

"Wewe unatafuta mteja," fundi akamjibu.

"Mteja ninaye, ni mwembamba. Natafuta mteja mnene nipate faida!"

Walicheka, lakini kesho yake asubuhi fundi alinunua matango manne, papai moja na fungu la karoti. Akakata shauri kujaribu wiki mbili.

Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma na tumbo likanguruma mbele ya wateja. Ya pili akafanya kosa ambalo pengine ni fundi wa majiko peke yake angelifanya. Aliona maharage yamelowekwa tangu jana, akajiambia: vibichi ni vibichi. Akala bakuli. Alitapika mchana kutwa, na muuguzi wa zahanati alipomsikiliza alishika kiuno.

"Mama, harage bichi ni sumu. Miaka yote hii unayapika, hukujua kwa nini yanapikwa?"

"Nilijua yanapikwa ili jiko lijaribiwe," alijibu, na zahanati nzima ikaangua kicheko.

Tangu siku hiyo ana orodha aliyoandikiwa na muuguzi, ameibandika ukutani kwa gundi juu ya mikasi ya bati: kipi kiliwe kibichi, kipi kisiguswe, na vidonge vya presha visiachwe mpaka daktari aseme. Karanga zilizolowekwa, parachichi, kabichi iliyokatwa nyuzinyuzi na kukamuliwa ndimu, matunda ya msimu. Mume wake, dereva wa lori mstaafu, aliendelea kula chakula chake cha moto na kulalamika kwa furaha.

"Nimeoa fundi wa majiko," humwambia kila anayepita, "na mezani kwangu kuna majani. Mbuzi wakija wageni hawatakosa la kula."

Ni yeye aliyekabidhiwa kazi ya kuonja, na mwenyewe hujiita afisa mwonjaji mkuu. Wateja walinung'unika mwanzoni. Walizoea mdomo wa fundi. Wiki moja majiko kumi na mawili yalishuka hadi saba. Polepole wakazoea.

Kilo nazo zikashuka. Mia moja na nne, tisini na sita, themanini na nane, themanini na moja. Daktari alimpunguzia dawa, hakuzifuta. Na siku moja fundi alichuchumaa kuokota ribiti iliyoanguka, akainuka bila kushika kitu. Mumewe alikuwa akimtazama. Akaenda kununua tikiti zima.

Miezi miwili iliyopita mtunza stoo wa shule ile alifika. Wanataka jiko jingine, kabla ya shule kufunguliwa. Je, fundi ataweza?

"Nitaweza," alisema kabla hajafikiri.

Pipa likaletwa. Ukingo ukafungwa. Jioni moja, watu wakiwa wamepungua barabarani, akajaribu. Miguu ikapita, mapaja yakapita. Nyonga zikakalia chuma. Vidole viwili tu, anasema, akivionyesha: vidole viwili ndivyo vilivyobaki kati yake na ndani ya pipa. Na siku zilizobaki kabla ya shule kufunguliwa zilikuwa ishirini.

Wifi alikuwa na jibu tayari. Kwenye simu yake kuna kikundi cha watu wanaofunga ili kusafisha mwili, siku saba kwa maji na ndimu. Yeye mwenyewe amewahi kufunga siku tano.

"Nilikuwa mwepesi kama pamba, wifi. Siku saba tu, utaingia hata kwenye chupa, sembuse pipa hilo."

Fundi aliwaza siku tatu. Alijua anakunywa dawa. Alijua pia muuguzi atasema nini, kwa hiyo hakumuuliza. Jumatatu akaanza.

Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, saa nne, mikono ilikuwa inatetemeka na jua linazunguka. Alikuwa akitoboa bamba la matundu linalobeba mkaa ndani ya jiko dogo, na alipolifunga aliona kama ribiti zimekaa. Ilipofika zamu ya kulijaribu, hakuliwasha. Harufu ya maharage ilikuwa inamtesa, na mumewe alikuwa ametoka. Mteja akaja, binti aliyeolewa juzijuzi.

"Limeliwa, shangazi?"

"Limeliwa."

Anaposimulia hapa sauti yake inashuka. "Miaka ishirini na minne sijawahi kulisema neno hilo bure. Nililisema kwa uso mkavu, na nikatoboa vitone vyangu vitatu."

Alfajiri ya pili yake binti alirudi na jiko kichwani. Bamba lilikuwa limeanguka, makaa yakamwagika sakafuni, mkeka ukaungua pembeni. Hakuna aliyeumia. Binti hakugomba. Alilishusha jiko, akafuta jasho, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Shangazi, hili lililiwa?"

Fundi aligusa vile vitone vitatu ukingoni. Mume wake, aliyekuwa mlangoni na mswaki mdomoni, aliutoa mswaki akasogea karibu.

"Halikuliwa," alisema hatimaye. "Nilikudanganya. Kaa hapo mwanangu, usiondoke."

Alikunywa maji, akala papai nusu, akasubiri mikono itulie. Kisha akakata bamba jipya mbele ya binti, akalifunga, akahesabu vipande kumi na viwili vya mkaa, akaweka sufuria. Maharage yalipoiva alichota punje moja akaila yeye mwenyewe. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kula kitu cha moto baada ya miezi tisa. Mkeka alilipa.

Wifi alipoona papai, alikuja juu.

"Siku ya tatu! Ulikuwa umebakisha nne! Na harage lililopikwa juu yake?"

"Wifi, punje ile si chakula. Ni sahihi yangu. Chakula changu kibaki kibichi, lakini sahihi siwezi kumwachia mtu aniwekee. Na mfungo wako nimeuacha."

"Na pipa?"

"Pipa litaningoja au halitaningoja."

Alikwenda zahanati akakiri yote. Muuguzi alimpima kwanza, akamgombeza baadaye. "Unakunywa dawa za presha, unashinda na ndimu, juani, mbele ya makaa ya moto. Ukianguka unaangukia wapi? Siku ukitaka kufunga, njoo tukae na daktari kwanza." Fundi alisema sawa, na kwamba hamu imekwisha.

Kisha akavaa nguo safi akaenda shuleni. Hilo, anasema, lilikuwa gumu kuliko njaa. Alimweleza mtunza stoo ukweli: kwa siku zilizobaki hataingia kwenye pipa, anahitaji wiki nne zaidi, na kama haiwezekani wampe fundi wa ng'ambo, yeye atatoa pipa na ukingo aliokwisha kuufunga.

Mtunza stoo alikuna kidevu. "Mama, jiko la haraka tulishawahi kuwa nalo. Unajua lilikoishia. Tumepikia mawe mihula yote hii, wiki nne zitatufanya nini? Nenda kale karoti zako."

Leo ni siku ya ishirini na tano ya wiki hizo nne. Maharage ya asubuhi yamekwisha kuliwa, mteja ameondoka na jiko lake. Fundi anafunga khanga kiunoni, anaikaza, anaweka kiganja juu ya ukingo wa pipa. Wifi ameacha meza yake ya matunda. Mume amesimama na nyundo.

"Ukikwama leo tunakuuza pamoja na pipa," anasema mume.

"Shika nyundo yako, mzee."

Miguu inapita. Mapaja yanapita. Nyonga zinafika kwenye chuma, anavuta pumzi, anageuka kidogo upande, na anatoweka. Kinabaki kitambaa cha kichwa tu, nacho kinazama. Kutoka ndani inasikika reli ikigusa bati.

"Gonga!"

Mume anagonga. Wifi anapiga kigelegele mpaka wapita njia wanasimama, kisha anafuta macho kwa upindo wa nguo yake akidai ni vumbi.

"Imedanganya hiyo," inasema sauti ndani ya pipa. "Ing'oe. Rudia."

Ribiti ni themanini na nne. Amefika ya thelathini anapopita mtunza stoo kuangalia maendeleo. Anatazama karakana, anatazama kigoda kitupu.

"Fundi yuko wapi?"

Mume anaelekeza pipa kwa nyundo. Kifua chake kimejaa kuliko siku zote. "Yuko ofisini kwake."

Mtunza stoo anainama juu ya ukingo, anasalimu, anapokea salamu kutoka gizani. Anasema shule ya pili ya kata nayo imesikia, inaulizia bei, ila pipa walilonalo ni dogo kuliko hili, hajui kama litafaa.

Ndani reli inawekwa chini. Halafu kinasikika kicheko.

"Nina kilo sabini na sita leo," anajibu Mama Limeliwa. "Waambie walilete mwezi wa sita. Nitakuwa naenea ndani yake."