Sina Uso wa Kumtazama Mama

Kazi yangu hapa London ni ukalimani, na mimi ni mtu wa kujiona. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikosea kwa kutojua.

Asubuhi hiyo nilipanda basi kutoka mtaa wa Tottenham kwenda hospitali moja, ambako daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura alikuwa akiwaona wafungwa waliokaribia kutoka. Ulikuwa mpango wa hospitali wa kuwaondolea makovu usoni, ili wakienda kuomba kazi watu wasiwaogope kabla hawajafungua mdomo.

Wa kwangu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Tanga, amefungwa pingu moja na askari jela, kovu limemchana kutoka mdomoni hadi sikioni. Kiingereza chake kiliishia kwenye kuomba chai. Akanisalimia kwa adabu, "Habari ya asubuhi, dada." Nikamjibu kwa kichwa. Nilimchukia palepale, nikijiambia kwamba watu kama yeye ndio wanaotuharibia jina huku.

Daktari akamuuliza kwa nini anataka upasuaji. Akainamisha kichwa.

"Dada, mwambie daktari kwamba mama yangu bado yu hai. Nikitoka nataka kwenda kumwona, lakini sina uso wa kumtazama."

Mswahili gani asiyejua kwamba mtu huyo anasema anaona haya? Mimi nikayatupa maneno kwa Kiingereza moja moja, yalivyo: hana uso wa kumtazama mama yake. Nilitaka nimalize niondoke.

Daktari akaacha kuandika. Akauliza kama mgonjwa anataka uso mwingine, ili asitambulike.

Ilitosha kusema samahani, nimetafsiri vibaya. Lakini kujisahihisha mbele ya daktari niliona ni kujishusha. Nikasema, "Yes, doctor."

Akaandika kwamba huyu anataka kujificha. Niliyaona maneno hayo kwa macho yangu. Kisha akasema mpango wao hausaidii watu kujificha, kwa hiyo hapana. Hapana hiyo nikaifikisha kwa Kiswahili fasaha, bila kosa hata moja.

Hakubisha. Alisema daktari lazima ana sababu zake. Askari alipomwinua, akanigeukia.

"Asante sana, dada. Miaka yote hii sijapata mtu wa kunisemea. Angalau leo nimesemewa."

Nikamwambia karibu.