Buibui la Kwendea Mtihani

“Haya, wakinifukuza nirudi kwetu, nishuke kituo gani?”

Shoga yangu wa dawati moja aliniuliza huku akicheka. Wazazi wake walitoka bara, lakini yeye alizaliwa Mombasa na huko bara alikuwa hajawahi kufika.

Leo nimepita penye duka la udi Mji wa Kale, harufu ikanirudisha darasani. Wiki ile watu wa bara walikuwa wakichomewa nyumba ng’ambo ya kivuko, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia. Nilimletea shoga yangu buibui la dada yangu, limefukizwa udi, apite njiani bila kujulikana.

“Nanukia kama bibi harusi,” alisema. “Mume yuko wapi?”

Mamake alikuja shuleni kumchukua waondoke, kwani mabasi ya bara yalikuwa yakijaa kituoni Mwembe Tayari. Mwalimu mkuu, naye mtu wa bara, alimzuia mlangoni.

“Mama, mwache mtoto afanye mtihani. Hapa shuleni hakuna bara wala pwani.”

Mama alitazama chini, kisha akakubali. Sisi tuliosikia tulipiga makofi.

Siku mbili baadaye nyumba yao ilichomwa. Shoga yangu alitoka hai, mikono imeungua hadi viwikoni. Mtihani ulipoanza hakuweza kushika kalamu.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu nilipoambiwa kwamba asubuhi ile, kabla ya kuzungumza na yule mama, mwalimu mkuu alikuwa ameshawapandisha watoto wake mwenyewe basi la kwenda bara.