Stika ya Susu

Mimi hukasirika upesi. Watu wa Migwani nilikozaliwa watakwambia hilo kabla hujauliza. Lakini hasira inataka mtu wa kumkasirikia, na katika jambo hili la Susu nimemtafuta huyo mtu mpaka nimechoka.

Kazi yangu ni kufundisha vijana kutumia mitandao ya kijamii kudai haki zao. Nazunguka Kitui na Makueni, leo ukumbi wa kanisa, kesho darasa la chekechea lenye viti vya kuumiza magoti, na projekta ya kuazima kwapani. Vijana wanakuja na simu zenye vioo vilivyopasuka, nami nawaonyesha namna ya kupiga video ikaeleweka, maneno ya kuweka chini yake, na mkubwa gani wa kumtaja ili asijifanye hakuona. Na kila mahali naanza na somo moja: watu hawajali pampu, watu wanajali uso. Nilifundishwa hivyo, na nimeona kwa macho yangu kwamba ndivyo ilivyo.

Kyuso ndiko walikolishika hilo somo barabara. Kilichowauma vijana wa huko kilikuwa kisima cha pampu. Kilichimbwa, kikazinduliwa kwa mahema na ngoma, wakubwa wakakata utepe, halafu pampu ikafa na akina mama wakarudi mtoni. Mto wenyewe kiangazi ni mchanga mtupu. Unafukua shimo, unakaa ukingoni, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kikombe. Mtungi mmoja unaweza kukumalizia asubuhi. Afisa wa maji wa kaunti alikuwa ameahidi pampu mpya mara nyingi, hadi vijana wakawa wanamwigiza sauti.

Katika kikundi alikuwamo msichana mpole anayeishi na nyanya yake. Susu, ndivyo tunavyowaita nyanya huku Ukambani, na hata mimi niliishia kumwita hivyo ingawa kwa umri wangu ningemwita mama. Msichana akasema, "Madam, uso ni wa Susu." Tukaenda nyumbani kwake kuomba ruhusa, maana hilo pia nalifundisha, picha ya mtu haichukuliwi kama kuku wa kuibwa. Tulimkuta akipepeta ndengu. Akauliza swali moja tu.

"Hiyo picha itafika kwa serikali?"

"Itafika, Susu."

"Basi ngojeni nivae."

Alikuwa ameshainuka. Mjukuu wake akamshika mkono. "Hapana, Susu, baki hivyo hivyo. Madam alituambia tusimpambe mtu." Wote wawili wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, na Susu akatoka na leso yake ya nyumbani iliyopauka.

Video ilikuwa fupi. Susu amekaa ukingoni mwa shimo, mkono shavuni, kikombe cha plastiki kimening'inia kidoleni. Kisha anageukia simu, amekunja midomo, anasema kwa Kikamba, "Nimezeeka nikingoja haya maji." Tukaandika maneno hayo kwa Kiswahili chini yake. Nilipoitazama mwili ulinisisimka, na sioni haya kusema hivyo.

Ikashika. Woi, ikashika! Watu wa Nairobi wakalaani, watu wa Mombasa wakalia, Wakenya walio ng'ambo wakauliza watume wapi msaada. Afisa wa maji akajibu hadharani kwamba suala linashughulikiwa. Vijana walirukaruka ukumbini wakiniita shujaa, tukanunua soda, na mimi nikarudi Migwani nikiimba peke yangu njiani kama mlevi.

Baadaye nikawa Kambu, pale malori ya Mombasa yanaposimama, nikianza na kikundi cha vijana wa Makueni. Asubuhi moja nikawaandikia kwenye kundi letu la simu kwamba nitachelewa kidogo. Mmoja akajibu kwa stika, vile vipicha vya kutumiana badala ya maneno.

Ilikuwa Susu. Walikuwa wamemkata vizuri kabisa, mto haupo, shimo halipo, mtungi haupo. Alibaki yeye na leso yake na mkono shavuni, na chini yake maandishi ya manjano: NANGOJA MSHAHARA. Wenzake wakamimina vicheko.

Nilipofika sikusalimu mtu. "Nani ametuma hii takataka?"

Kijana mmoja akasimama, mnyoofu, hana hata wasiwasi. "Ni mimi, madam. Lakini hiyo ni ya kawaida tu. Kila mtu anayo."

"Unamjua huyu mama?"

"Ai, si ni mwigizaji?"

Nilitaka kumzaba kofi. Halafu ningemzabia nini? Hakumtukana mtu. Alikuwa kijana wa adabu aliyedhani bibi mzee amelipwa kukaa vile. Nilipowaeleza, yule kijana akaifuta mbele yangu. Nikashukuru, nikaendelea na somo, na siku ile sikuweza kutamka lile neno uso.

Tangu hapo nikawa namwona Susu kila mahali. Kwaya yetu ya Migwani ikichelewa mazoezi, Susu. Dada yangu wa tumbo moja akidai nauli kwenye kundi la familia, Susu. Nangoja mshahara, nangoja mume, nangoja Yesu arudi. Nikaripoti. Kipo kitufe cha kuripoti, hata hicho huwa nakifundisha. Mashine ikanijibu kwa upole kwamba picha haijavunja kanuni yoyote, na ukweli ni kwamba haijavunja. Nikaandika kwenye kila kundi nililomo: jamani, huyu ni mama wa watu, futeni. Wengine walifuta na kuomba radhi. Lakini ilikuwa kama kuokota ndengu zilizomwagika mchangani. Ukijaza kiganja, nyingi zimeshazama. Na stika haina mwenyewe. Ningejua aliyeitengeneza ningefunga safari hadi mlangoni kwake, haki ya Mungu.

Nilijipa moyo kwamba Kyuso haijafika. Kumbe ilikuwa imefika zamani. Mjukuu alinipigia simu analia. Mtoto wa jirani alikuwa amemkimbilia Susu baada ya ibada, simu ya mamake mkononi, anashangilia, "Susu, ni wewe huyu!" Akina mama wa kanisa wakazunguka, wakacheka, nao bila ubaya wowote, waliona mwenzao amekuwa maarufu. Susu hakucheka. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile nyingine, yeye anayeanzisha nyimbo za akina mama. Na mtoni akawa anakwenda amejifunika uso kwa leso.

Nikaenda Kyuso. Njia nzima nilikuwa naogopa, mimi ninayebishana na machifu. Susu aliniamkia, "Wakya?" kama siku zote, nikaitika, "Aa," akaniletea kiti na chai. Kisha akaketi mbele yangu.

"Wewe ndiwe mwalimu wa hizi simu," akasema. "Ziambie zinirudishie uso wangu."

Nikaanza kumweleza. Kwamba picha haikai mahali pamoja. Kwamba kila mtu ana yake, na akimpa mwenzake inakuwa ya mwenzake pia. Kwamba nimeomba, nimeripoti, nimegombana na ndugu zangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ng'ombe akiibwa tunaenda kwa chifu," akasema. "Hii haina chifu?"

"Haina, Susu."

"Na pampu?"

"Bado."

Angenitukana ningejua la kufanya. Angenifukuza pia ningeondoka nikijua nimefukuzwa. Alikaa tu anatazama mikono yake, nami nilihisi sina faida yoyote duniani. Mjukuu wake alikuwa amejibanza mlangoni, macho yamemvimba. Hakuwa amekosa chochote. Alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha, na mpaka leo sijui ningemfundisha nini kingine, maana bila uso ule hakuna mtu ambaye angejua kuna mahali panaitwa Kyuso.

Kisha Susu akainuka. "Mtanipiga nyingine," akasema. "Safari hii ninavaa."

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kimenyooshwa kwa pasi ya makaa, viatu vyeusi vimepigwa rangi. Akaketi wima kwenye kiti mbele ya nyumba, mikono magotini, mbali kabisa na shavu. Alikuwa mzuri. Mjukuu akapiga picha, akamwonyesha, na Susu akaitazama kwa karibu sana.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Wekeni hiyo juu ya ile."

Hatukuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna juu wala chini. Tukaiweka. Tukanywa chai, tukangoja, simu ikakaa kimya. Niliipenda mimi, akaipenda mjukuu, wakaipenda wawili watatu wa kikundi. Nilijua kabla hatujaiweka. Mama aliyeketi wima na kitambaa cheupe, watu wa mtandaoni hawana la kufanya naye.

"Mtumie yule wa maji," Susu akasema. "Si ndiye niliyetaka anione?"

Namba ya afisa wa maji nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeshamsumbua hadi akanizoea. Nikamtumia ile picha ya sare ya kanisa, nikaandika chini yake: Huyu ndiye mama wa Kyuso anayengoja pampu. Anauliza itakuja lini. Susu akavuta kiti karibu nami. Alama zikageuka buluu, ameisoma. Kwa kawaida hukaa siku nzima bila kujibu, na sasa alikuwa anaandika.

Ikaingia stika. Susu, leso imepauka, mkono shavuni: NANGOJA WAKUBWA. Ikafuatwa na maneno: Hata sisi huku ndivyo tulivyo, madam, pesa hazijashuka. Na kicheko.

Zilikuwa zimepangana kwenye kioo kimoja, ya sare juu, stika chini yake, mtu yule yule, na afisa hakuwa amemtambua. Mjukuu alichungulia begani mwangu, akaona, akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nikalaza simu pajani, kioo kikitazama chini.

"Amejibu?" Susu akauliza.

"Amejibu, Susu."

"Ameniona?"

Nikaikandamiza simu pajani.

"Amekuona," nikasema. "Anasema tungoje."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Akaingia ndani kuvua kitambaa cheupe kisije kikachafuka, akatoka na leso yake, akajifunika uso, akachukua mtungi, akashika njia ya mtoni. Nikachukua mtungi mwingine nikamfuata, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.